Koti la mvua la baiskeli kutoka Mlango Mmoja: uzoefu wangu

Naishi Nyegezi, Mwanza, kazi yangu iko mjini, kama kilomita 10 kwa Barabara ya Kenyatta kupitia Mkuyuni na Igogo. Naenda kwa baiskeli, iwe masika au vuli. Kwa hiyo nikisifu koti hapa, nalisifu kwa mvua ya kwetu: ile ambayo mawingu yake yamejikusanya juu ya ziwa usiku kucha, halafu inakukuta barabarani saa moja asubuhi ikiwa na upepo wake.

Koti lenyewe ni la mtumba, lililoshonwa kwa ajili ya waendesha baiskeli. Nililinunua soko la Mlango Mmoja kwa shilingi 25,000. Ni jepesi na likikunjwa linaenea kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Muuzaji alinionya kwa nia njema kabisa: "Dada, hilo ni la baridi ya Ulaya, hapa Mwanza utaiva." Nikamwonyesha zipu mbili zilizojificha makwapani. Hizo ndizo nilizokuwa nazitafuta.

Makoti mengi ya mvua tunayouziwa ni ya nailoni nzito au ya plastiki, yale wanayovaa bodaboda. Kwa mtu aliyekaa kwenye pikipiki yanafaa sana. Anayekanyaga pedali ana shida nyingine: mwili unachemka, jasho halina pa kutokea, na ukifika kazini fulana imelowa kutokea ndani. Baridi kali ya asubuhi ya mvua haikupati ukiwa unapanda kilima. Inakupata ukishuka, upepo wa ziwa unapogusa fulana iliyolowa jasho. Hapo meno yanagongana, hata kama hakuna tone la mvua lililopenya.

Koti langu lina utando ndani ya kitambaa, wenye vitundu vidogo mno. Mvuke wa jasho unapita, tone la maji halipiti. Lebo imeandikwa 10,000 mm, maana yake kitambaa kilipimwa kikastahimili mgandamizo wa maji yenye kimo cha mita 10 kabla hayajapenya. Kwa mvua yetu inatosha kabisa. Lakini mvuke hutoka vizuri pale hewa ya nje inapokuwa kavu kuliko ya ndani ya koti, na masika, pembeni ya ziwa, hewa ya nje nayo imejaa unyevu. Ndiyo maana nasisitiza zipu za kwapani. Nikianza kupanda nazifungua zote mbili, nikikaribia kushuka nazifunga. Kwa Mwanza, kati ya koti lenye namba kubwa kwenye lebo lisilo na pa kupumulia na koti la namba ya wastani lenye zipu hizo, mimi nachukua la pili bila kufikiri mara mbili.

Ukienda mnadani, ligeuze nje ndani kabla hujataja bei. Kagua mishono: inatakiwa iwe imezibwa kwa utepe mwembamba uliogandishwa. Kama utepe unainuka ukiukwangua kwa kucha, liache. Pitisha kiganja kwenye utando. Makoti yaliyokaa sana stoo utando wake hunata au hubanduka kama ngozi iliyoungua jua, na hakuna fundi wa kuurudisha. Langu nililijaribu kwa maji ya chupa palepale mezani. Maji yakawa vishanga, yakateleza hadi ukingoni na kudondoka. Angalia pia mgongo: uwe mrefu kuliko mbele, maana ukiinama kushika usukani koti fupi linapanda na tope la tairi linakuingia kiunoni. Hata hivyo, madigadi nayo muhimu.

Kofia yake siipendi. Nikigeuza kichwa kuangalia nyuma, yenyewe inabaki imetazama mbele, naona kitambaa chake badala ya daladala. Naikunja ndani ya kola, navaa helmeti juu ya kofia nyepesi yenye ukingo unaozuia mvua machoni.

Chini sivai suruali ya mvua. Navaa kaptula ndefu ya polyesta, suruali ya kazini inakuwa kwenye begi. Ngozi ya mguu unaifuta kwa taulo ikakauka. Jinzi ikilowa inakuwa nzito na inashinda na maji mchana kutwa. Ndani ya koti, fulana ya michezo, si ya pamba.

Radi ni habari nyingine. Zikianza kupiga karibu naingia kwenye jengo, nasubiri. Si chini ya mti. Tafadhali na wewe usiendelee kwa sababu tu una koti zuri.

Kulifua: sabuni kidogo, suuza mpaka povu liishe kabisa, usitie dawa ya kulainisha nguo, anika kivulini. Vishanga vikianza kupungua, kama lebo inaruhusu, lipige pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa. Mara nyingi vinarudi.

Rangi yake ni kijivu, na alfajiri ya mvua kijivu hakionekani. Nilipeleka kwa fundi aongeze utepe unaong'aa, nikamwomba ashone kwenye pindo la chini na ncha za mikono tu. Kila tundu la sindano mgongoni au mabegani ni mlango wa maji.