Paking ya kulipia kwa simu Tanga mjini: chenji hatugombanii tena, ila deni sasa

Mie nna kipasso changu, naishi Raskazone, mjini naingia karibu kila siku, leo Posta, kesho Mgandini sokoni, keshokutwa Bombo kumuona mgonjwa. Kwa hiyo hii paking ya kulipia kwa simu nimeitumia ya kutosha kuisemea.

Nianze na raha yake. Mnakumbuka enzi za keshi? Unatoa elfu kumi kwa paking ya mia kadhaa, jamaa chenji hana, anaondoka kuitafuta kwa muuza vocha, wewe umeachwa juani kama mlingoti, akirudi inapungua na risiti yenyewe haionekani. Sasa hivi dada anakuja na kimashine mkononi, anaandika namba ya gari, anapiga picha, kamaliza, pesa yako haigusi kabisa. Kulipa nako rahisi, unapiga *152*00# unafuata menyu mpaka kwenye maegesho, unaingiza namba ya gari, kama unadaiwa linatokea na kontrol namba, zile tarakimu 12 zinazoanza na 99, ukishaipata unalipa kwa M-Pesa au Airtel Money au ile ambayo wote bado tunaiita Tigo Pesa japo jina limeshabadilika. Bando hata halihitajiki, kiswaswadu cha bibi kinalipa.

Makato ya muamala yapo, na kwa bili ndogo hivyo yanauma kidogo, ila bora hayo kuliko ugomvi wa chenji.

Sasa tuje kwenye linaloniudhi. Zamani karatasi ilikuwa inachomekwa kwenye waipa, ukirudi unaiona. Siku hizi mara nyingi hukuti kitu, unawasha gari unaondoka zako roho nyeupe, kumbe umeshaandikwa. Kuna dada mmoja karibu na Uhuru Park huyo namsifu, akikuona unashuka tu anakwambia "kaka, nakuandika kuanzia sasa hivi eeh, ukitoka usisahau". Sekunde tano tu. Wengine wanasubiri upotelee ndani ya duka ndo wanakuja na kimashine, sijui wanamkimbia nani.

Halafu kuna kukosea namba. Mwezi uliopita nacheki deni nakuta nimepaki mjini Jumamosi mchana kutwa, na Jumamosi hiyo mie nlikuwa Muheza kwenye arusi na gari nlienda nalo!! Nikaenda kulalamika, nikajua hapo ndo naanza nenda rudi nenda rudi, lakini walinisikiliza, wakafungua picha, tukakuta Noah nyeupe ya watu imekaa pale kwa raha zake. Namba zetu zinafanana zote isipokuwa herufi ya mwisho, yake B yangu D, basi aliyeandika kaona B kaweka D. Deni likafutwa. Ndo maana nasema ile picha wasije wakaiacha hata siku moja, bila picha ningelipia Noah ya mtu. Mwenye Noah sijui kama alikuja kudaiwa, hiyo haikuwa kazi yangu kuuliza.

Mji wenyewe wala haukosi nafasi, mitaa ya katikati imenyooka na ina upana, sio Kariakoo hii. Msongamano utauona ukielekea Ngamiani, kule bajaji, boda na baiskeli wote wanataka ukingo mmoja wa barabara, na wa baiskeli ndo wajanja wetu maana wanaegesha bure, wanakuangalia unavyobonyeza simu wanacheka.

Nawapa nyota tatu na nusu. Wakituma meseji pale pale unapoandikwa nawaongezea moja bila kuombwa.

Na kama unanunua gari la mkononi, kabla hujatoa hela weka namba yake kwenye hiyo menyu uone, kwa sababu deni linafuata namba ya gari, halimfuati dereva. Mie nimelijua hilo kwa shemeji yangu, aliazima Passo wiki nzima, kalirudisha limeoshwa linang'aa na mafuta kaweka, nikamsifia mpaka kwa dada yake. Usiku napiga *152*00#, siku zote sita alizoingia mjini zimejipanga hapo zinanisubiri mie. Nimelipa. Nikimkumbushia anasema "si ungeniambia shem", na hela mpaka leo sijaiona.