Nilimuuliza afande risasi gani, akaniuliza watoto wanalala wapi

Nanunua mpunga Igunga na kuuleta Tabora mjini, na msimu ukichanganya nalala na hela za watu ndani. Leseni ya bastola niliipata baada ya kuzunguka sana na kuhojiwa sana. Kilichonichanganya ni risasi. Mtandaoni kila mtu ana yake: huyu grein 115 (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), yule 147, mwingine anaapia kichwa chenye tundu. Nikaona bora nilipie mafunzo ya siku mbili kwa mwanajeshi mstaafu, nje kidogo ya mji, njia ya Sikonge.

"Shikamoo afande. Ninunue risasi gani?"

"Marahaba mama. Watoto wanalala wapi?"

Nikadhani hajanisikia. Akachukua kijiti, akachora nyumba yangu mchangani: chumba changu, sebule, chumba cha watoto, ukuta wa jirani. Risasi ya milimita 9 yenye kichwa kigumu, ile iliyofunikwa shaba, hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Inaweza kumtoboa mtu, ikatokea upande wa pili na kuendelea na safari. Mlango wa mbao ndiyo kabisa. Yenye tundu huchanua ikiingia mwilini na kuishiwa nguvu mapema. Azimio la Hague la 1899 liliikataza vitani, lakini polisi wengi wa Marekani ndiyo wanayobeba, kwa hofu ya kumpata aliyesimama nyuma. Hata hiyo, ukimkosa mtu, ukuta mwembamba inautoboa. Tukatumia karibu nusu saa kutafuta upande gani wa nyumba yangu ninaweza kuelekeza mtutu. Ni mmoja tu. Habari ya grein akaimaliza pale pale: chukua ile ambayo bastola yako inaila bila kukwama.

Mchana tukaanza kulenga, hatua saba tu. Risasi zangu zikawa zinatua chini ya shabaha, nami nikailaumu bastola. Afande akaichukua magazini, ile kasha ya risasi inayoingia kwenye kishikio, akanigeuzia mgongo, akachanganya risasi halisi na za bandia bila mimi kuona mpangilio. Ya kwanza, pa! Ya pili ikasema tik, na nikaona kwa macho yangu mtutu ukichimba chini kama jembe, mkono ukiuogopa mlio ambao haukuwepo. Wenzangu watatu walicheka hadi zamu zao zilipofika. Baada ya hapo ikawa ni bastola tupu na sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu: fyatua, sarafu isidondoke. Ilidondoka hadi jioni. Nyumbani nimeendelea na zoezi hilo, risasi nimezifungia chumba kingine, na sasa mara nyingi inatulia.

Siku ya pili boksi langu la risasi 50 likaniumbua. Nililinunua Dar kwenye duka ambalo sitalitaja, mbili ziligoma. Afande akanizuia nisikimbilie kukoki: mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu hadi 30, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka, ndipo uitoe. Tulipozikagua, maganda yalikuwa na kutu ya kijani, ni mzigo uliokaa mahali penye unyevu. Siku hizi nafungua boksi dukani mbele ya muuzaji, akinuna anune.

Sheria aliigusia haraka mno kwa ladha yangu, ila jambo moja alilirudia: kifungu cha 18B cha Kanuni ya Adhabu kinakupa nguvu ya kiasi tu, inayohitajika kujikinga. Ukizidisha, unajibu mwenyewe. Mwizi anayekimbia na gunia la mpunga mwache akimbie.

Kasoro zipo. Vizuia sauti vya masikio vilikuwa jozi mbili kwa watu wanne, nikaishia kujiziba kwa pamba na masikio yakalia hadi kesho yake. Ningejua ningebeba vyangu. Asubuhi zote mbili tulianza kwa kuchelewa zaidi ya saa nzima, tukasubiri chini ya mwembe bila hata maji. Na kipindi cha usiku cha kutumia tochi, ambacho kilikuwamo kwenye bei, hakikufanyika kwa sababu ya mvua. Nimempigia mara mbili. Anasema, "Mama, mwezi huu hauishi." Umeisha. Bado namdai.