Uzoefu wangu na indiketa zinazojizima zenyewe: nimerudi kuzima kwa kidole

Pikipiki niliyonayo sasa ni nzuri karibu kila upande. Injini inavuta vizuri tangu chini, breki zenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukibana breki, zinashika hata lami ikiwa imelowa, na kiti hakichoshi mgongo. Kinachonisumbua kila nikiipanda ni indiketa zake, zile zinazojizima zenyewe. Wengi wanaosifia pikipiki za kisasa hukitaja kitu hiki kwa nusu sentensi, kana kwamba ni neema tupu, ndiyo maana nimeamua kukiandikia peke yake. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja. Mifumo ya namna hii iko kwa watengenezaji wengi, na kasoro ninazozieleza zinatokana na wazo lenyewe kuliko na kiwanda kimoja.

Pikipiki yangu ya zamani ilikuwa na swichi ya kawaida. Unasukuma kushoto au kulia, ukimaliza kona unabonyeza katikati, taa inazimika. Kidole gumba cha kushoto kilishazoea kiasi kwamba kilikwenda kubonyeza chenyewe hata nilipokuwa nimeshazima. Niliponunua hii mpya, muuzaji alinieleza kwa furaha kwamba shughuli hiyo sasa imekwisha, pikipiki itajua yenyewe. Tangu hapo kuna safari inazima mapema, kuna safari inachelewa, na kuna safari inazima pale pale inapotakiwa. Hii ya mwisho ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu ndiyo inayokufanya uuamini mfumo na kuacha kukagua.

Nianze na kuzima mapema. Nimefika kwenye makutano, nimewasha indiketa, magari yanayokuja mbele yangu hayaishi. Nasogea kidogo, nasimama, nasogea tena. Nafasi inapopatikana natupia jicho dashibodi na kukuta mshale haupo. Anayenifuata nyuma anaona pikipiki iliyopunguza mwendo bila ishara yoyote, naye ana haki ya kudhani kwamba nasitasita tu, akaamua kunipita upande ule ule ninaotaka kukunja. Dereva wa gari akigongwa hivyo ana milango na mkanda. Mimi nina jaketi na helmeti.

Kuchelewa kuzima ni kubaya kuliko kuzima mapema. Nimekata kona, nimeingia barabara mpya, na indiketa bado inakonyeza. Mbele kuna kichochoro upande huo huo, na kwenye mdomo wake kuna gari linalosubiri kutoka. Dereva anaona ishara yangu, anaamini naingia kwake, anatoka. Limenitokea hilo, na nilibana breki zote mbili mpaka nikahisi lever ya breki ya mbele ikitetemeka kwa ABS kabla gari halijapita mbele ya gurudumu langu. Simlaumu yule dereva hata kidogo. Alifanya kile tunachofundishwa sote, kuamini taa ya mwenzako.

Kwa nini gari linaweza kuizima indiketa kwa wakati na pikipiki haiwezi? Kwenye gari, usukani unazunguka kwa wingi ukikata kona, na unaporudi kuna kijino kwenye mhimili wake kinachousukuma mkono wa indiketa kurudi katikati. Mfumo huo ni wa kimakanika, wa zamani, na unafanya kazi kwa sababu usukani wenyewe unaeleza kwamba kona imekwisha. Hendeli ya pikipiki haielezi hivyo. Ukishapita mwendo wa mtu anayetembea, unakata kona kwa kuilaza pikipiki, na hendeli inasogea kidogo mno. Tena mwanzo wa kona inaelekea upande wa pili: ukitaka kwenda kushoto unasukuma mkono wa kushoto wa hendeli mbele, gurudumu linaelekea kulia kwa kitambo kidogo, ndipo pikipiki inalala kushoto. Kwa hiyo wahandisi wamelazimika kukisia kona kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza ni muda na umbali. Yamaha ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970 mwishoni: indiketa inazimika baada ya sekunde 10 au mita 150, lolote litakalochelewa. Umbali ulipimwa kwa kiswichi kidogo cha sumaku ndani ya kipimamwendo. Pigeni hesabu wenyewe. Ukienda kilomita 20 kwa saa, mita 150 zinakuchukua sekunde 27 hivi, na katika mitaa iliyobanana umeshapita vichochoro kadhaa taa ikiwa inawaka. Ukienda kilomita 90 kwa saa, zile sekunde 10 zinakupeleka mita 250. Mahali ambapo vipimo viwili vinakutana ni kilomita 54 kwa saa. Yaani kanuni hii inamfaa mtu anayehama njia kwenye barabara kuu, lakini wa mjini anapata ishara ndefu mno. Hata hivyo mfumo ule wa zamani ulikuwa na jambo moja la maana sana: ukichomoa kile kifaa cha kuzimia, indiketa ziliendelea kufanya kazi, ukazima mwenyewe kwa mkono. Kifaa kilikuwa msaidizi tu.

Watengenezaji wengine wameiboresha kanuni hiyo. KTM, kwenye modeli zake zenye mfumo huu, hutaka sekunde 10 zipite na mita 150 zipite, na hesabu husimama pikipiki inaposimama, ili usizimiwe taa ukiwa unangoja kwenye makutano. Triumph, kwenye modeli kadhaa, hutumia sekunde 8 kisha mita 65 zaidi, na humpa mwendeshaji nafasi ya kuchagua kuzima kwa mkono tu. Honda wana modeli ambazo hazitegemei saa peke yake: kompyuta inalinganisha kasi ya gurudumu la mbele na la nyuma. Kwenye kona magurudumu hayo hayapiti mstari mmoja, kasi zake zinatofautiana kidogo, na tofauti ikiisha kompyuta inajua umenyooka. Nalikubali wazo hilo kuliko yote, maana linatazama kile ambacho pikipiki inafanya kweli barabarani.

Halafu kuna pikipiki zenye sensa ya kupima mlalo, ile ile inayosaidia ABS kwenye kona. Ulilala, umeinuka, basi kona imekwisha. Ukisikia maelezo hayo dukani utaridhika. Nenda nayo kwenye kipilefti ndipo utakapoona. Unaingia ukilala upande mmoja, unazunguka ukilala upande wa pili, unatoka ukirudi upande wa kwanza. Mlalo umebadilika mara tatu na safari yako ndani ya mzunguko ni moja. Ishara unayotakiwa kuionyesha ni ya mahali unapotokea, na hiyo haimo katika pembe yoyote ya pikipiki, imo kichwani mwako. Ukiwasha mapema kidogo, kule kuinuka katikati kunaweza kuhesabiwa kuwa kona imekwisha, na taa ikazimika mita chache kabla ya njia yako, pale hasa ambapo madereva wanaosubiri kuingia wanakukodolea macho. Kuhama njia nako sensa hiyo haikutambui, kwa sababu unalala kidogo tu. Inabidi saa iitwe tena kusaidia, ukarudi kwenye zile sekunde na mita.

Kuna suala la kujua taa yako iko katika hali gani, nalo halizungumzwi vya kutosha. Rilei za zamani, zile swichi za umeme zinazoikonyeza taa, zililia tiki-tiki, na kwenye pikipiki yangu ya kwanza niliisikia hata nikiwa na helmeti, mradi siendi kasi. Indiketa za LED hazina mlio huo mpaka mtengenezaji auongeze kwa makusudi, na wengi hawauongezi. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka taa ikonyeze kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, jambo jema kwa anayekuona kwa nje. Mwenye pikipiki je? Mimi nimepewa mshale mdogo wa kijani pembeni mwa skrini iliyojaa joto la injini, mafuta yaliyobaki, saa na hali ya simu. Jua likipiga skrini, mshale haupo. Ili kuukagua lazima niinamishe macho, na kwa kilomita 60 kwa saa kila sekunde ya kutazama chini ni karibu mita 17 ambazo sijaona njia. Mfumo uliokuja kunipunguzia kazi umeniongezea kazi ya macho, wakati ule wa zamani ulitumia kidole tu.

Na swichi zenyewe hazina ubora wa zamani. Ya zamani ilikuwa na mguso mkavu, unausikia hata ukiwa na glavu nene. Hii mpya ni laini, inarudi katikati kimya kimya, sijui kama amri imepokelewa au la. Kuna wakati nabonyeza kuzima na kumbe mfumo ulishazima dakika hiyo hiyo. Wenye Harley-Davidson nyingi wana kitufe cha kushoto kwenye mkono wa kushoto na cha kulia kwenye mkono wa kulia, na kukibonyeza tena ni kuzima. Sijawahi kuishi na mpangilio huo, ila angalau kila mkono una kazi yake.

Nilichofanya ni kuingia kwenye menyu na kuuzima mfumo wote. Kitabu cha mwongozo kinakitaja kipengele hicho mstari mmoja tu, na nilikipata baada ya kupekua kurasa za mipangilio ya mwanga na lugha. Kidole kimerudi kwenye kazi yake: nikinyooka, nabonyeza, hata kama nadhani imeshazimika. Naweza sasa kuacha kuitazama skrini. Mfumo wenyewe naupa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za hicho kipengele cha kuuzima.

Siwadharau wanaoupenda. Indiketa iliyosahaulika imeua watu kweli, na mtu anayesafiri masafa marefu kwenye barabara kuu atafaidika na saa inayozima baada ya kuhama njia. Kwa kazi hiyo kuna suluhisho ninalolipenda sana, ambalo Triumph wanalo kwenye baadhi ya modeli: ukigusa swichi kwa ufupi indiketa inakonyeza mara tatu na kunyamaza, ukiishikilia kidogo inaendelea. Hapo mwendeshaji ndiye anayesema nia yake, na mashine inatii.

Ukienda kujaribu pikipiki mpya, usiridhike na kuzunguka mtaa mmoja. Washa indiketa ukiwa umesimama na uingoje, uone kama inajizima kabla hujaondoka. Kata kona ya polepole kisha nenda moja kwa moja kwa mwendo wa foleni, umwombe mtu asimame nyuma akwambie taa imeendelea mpaka wapi. Ingia kipilefti kikubwa na utoke njia ya mbali kuliko zote. Hakikisha kubonyeza katikati kunazima taa wakati wowote, bila kusubiri mfumo umalize hesabu zake. Tazama mshale wa skrini adhuhuri, jua likiwa nyuma ya bega lako. Halafu mwambie muuzaji akuonyeshe kwa mkono wake mahali pa kuuzima mfumo kwenye menyu, hapo hapo, kabla hujalipa.