Kiti cha mtoto kwenye Corolla 110: nilichokipenda na kilichonikera

Kwa sisi wenye magari yaliyokwisha kula chumvi, swali la kwanza kuhusu kiti cha mtoto si kampuni gani. Swali ni kama mkanda wa siti ya nyuma utakibana hicho kiti au hautakibana. Nalisema mapema kwa sababu ukiingia dukani utaanziwa na jina la kampuni, kisha rangi, kisha sehemu ya kuwekea kikombe, na utatoka na kiti kizuri sana kisichokaa kwenye gari lako.

Letu ni Corolla 110 ya mwaka 1998. Vitanzi vya ISOFIX, vile vya chuma vinavyopokea miguu ya kiti moja kwa moja bila mkanda, haina. Haishangazi, maana kiwango chenyewe kilitolewa 1999. Kama hujui gari lako lina au halina, usimuulize dalali. Ingiza vidole kwenye mwanya kati ya kikalio na mgongo wa siti ya nyuma, upande upande. Ukigusa vyuma viwili vyembamba vya milimita 6 hivi, vilivyoshika imara kwenye bodi, unavyo. Ukigusa punje za karanga na shilingi mia iliyopotea, wewe ni mwenzangu.

Kwa hiyo viti vyote vya ISOFIX tupu niliviondoa kwenye orodha, hata vile vya bei ya kutamanisha. Nilichokichukua ni cha kufungwa kwa mkanda wa gari, kinachoanzia mtoto mchanga hadi kilo 25. Hadi kilo 18 mtoto anaweza kukaa ameangalia nyuma, na hicho ndicho kilichonivutia. Kimenigharimu shilingi 380,000, kipya, ndani ya boksi. Fedha hiyo ni kubwa, na mama watoto alinyamaza kidogo nilipomtajia. Halafu akauliza tairi nne zilitugharimu kiasi gani mwaka jana, tukaishia hapo.

Kuna watu wataniambia mjini hatukimbii. Kweli, foleni ya Mwenge jioni hata anayetembea kwa miguu anakupita. Lakini vibao vya mjini vinaruhusu kilomita 50 kwa saa, na hiyohiyo 50 ndiyo kasi wanayotumia wapimaji wa viti hivi wanapovigonga kwa mbele maabara. Piga hesabu: gari linalotoka kasi hiyo likasimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 anavutwa mbele kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 200. Hakuna mikono ya kushika hiyo, hata ya mpiga vyuma. Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto vikitumika sawasawa hupunguza vifo vyao ajalini kwa angalau asilimia 60. Mimi hesabu ya kilo 200 ilinitosha.

Sasa, kukijaribu. Duka la kwanza walikataa kiti kisitoke nje kabla sijalipa. Nikawaaga. La pili kijana alikibeba mwenyewe hadi kwenye maegesho, tukakiweka siti ya nyuma kushoto, nyuma ya abiria, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya kiti na kiti. Cha kwanza tulichojaribu kilikuwa kipana mno kitakoni. Kile kifungio cha gari, kile chenye kitufe chekundu, kilibonyea chini ya ukingo wa plastiki na mkanda ukawa unavutwa kwa pembe. Kitufe kikilaliwa hivyo kinaweza kuachia. Cha pili kiliketi vizuri lakini mkanda wetu ulikuwa mfupi kukizunguka. Cha tatu ndicho nilichonunua. Muuzaji hakukasirika, alifurahi kujifunza na yeye. "Bosi, mimi nauza hivi vitu mwaka wa pili sasa, hakuna aliyewahi kuniambia tukapime," akasema.

Ufungaji wake nitaueleza kidogo, maana maelekezo ya kwenye boksi ni michoro tu. Mkanda wa gari una njia mbili za kupita kwenye kiti: iliyowekwa alama ya bluu ni ya mtoto anayeangalia nyuma, nyekundu ni ya anayeangalia mbele. Rangi hizo utazikuta kwenye kiti chochote chenye viwango vya Ulaya, hata ukinunua cha kampuni nyingine. Unapitisha mkanda, unaubana, kisha unapiga goti ndani ya kiti, uzito wote, huku mkono mmoja unavuta ule ulegevu uishe. Mikanda ya 110 ni ile inayojiachia taratibu gari likitulia, na hapa kiti hiki kimenifurahisha kweli: kina kibanio chake pembeni, unautia mkanda mle unakifunga, tak, haurudi tena. Baada ya hapo shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise kushoto na kulia. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, anza upya. Usikitikise kwa juu kwenye kichwa, huko lazima kicheze kidogo.

Mkanda wa mtoto mwenyewe nao una kipimo. Akiwa anaangalia nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Akigeuzwa mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Ukishamfunga, jaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea. Na kama una gari lenye mfuko wa hewa upande wa abiria, kiti cha kuangalia nyuma kisiwekwe kabisa siti ya mbele, labda uwe umeuzima mfuko huo. Mfuko ule hufumuka kwa kishindo na kichwa cha mtoto kiko palepale.

Kuangalia nyuma ndiko kulikoleta maneno nyumbani. Mama mkwe alipokuja kutuona kutoka Iringa, alizunguka gari, akachungulia dirishani, akauliza mjukuu wake amekosa nini hadi akageuziwa ukuta. Halafu miguu: "Itapinda hii, baba." Sasa mkwe habishaniwi. Nikasema, "Ndiyo mama," nikaenda kuangalia maji ya rejeta ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Mwanawe ndiye aliyemweleza kwamba shingo ya mtoto bado laini na kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili, kwa hiyo akiangalia nyuma mgongo wa kiti unampokea mzima mzima, badala ya kichwa kurushwa mbele peke yake. Ulaya kanuni yao mpya, R129, inataka akae hivyo angalau hadi atimize miezi 15. Miguu? Anaikunja, anaiweka juu ya mgongo wa siti, wakati mwingine anaining'iniza pembeni. Watoto wanakaa mkao ambao sisi tungeitiwa fundi wa mifupa, nao wanacheka.

Mama mkwe hakushawishika sana. Siku ya kurudi alipanda nyuma pamoja naye, na mtoto alipoanza kulia pale Kibamba akasema mara moja tu, "Mtoe nimpakate." Mama watoto akamwambia tutasimama Mlandizi. Tukasimama Mlandizi, akampakata mpaka akatosheka, tukaendelea. Huo ndio utaratibu wetu wa safari ndefu mpaka leo: mtoto akitaka kutoka, gari linasimama kwanza. Kwa mtoto mchanga kuna sababu nyingine ya kusimama, ushauri wanaotoa Uingereza ni asikae humo mfululizo zaidi ya muda wa saa mbili, kwa sababu kichwa kikiinama mbele pumzi inabanwa.

Nije kwenye mtumba, maana nilitembea huko kabla ya kununua kipya na bado nadhani ukiwa na macho unaweza kupata kitu. Nilipewa kimoja cha elfu themanini, kitambaa safi, kinanukia sabuni. "Broo, hii og, imetoka Ujerumani." Nikakipindua. Kwenye mgongo kuna lebo ya rangi ya chungwa. Ukikuta imeandikwa ECE R44, yaani kanuni ya zamani ya Ulaya ya viti vya watoto, na mwishoni 03 au 04, ni ya kuaminika kiasi. Ile E ndani ya duara yenye namba ni nchi iliyokipitisha: E1 Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Hiki kilikuwa na E4, basi si neno, angalau alikaribia. Tatizo lilikuwa chini, kwenye plastiki yenyewe, ambako huwa kuna kiduara kidogo kama saa: katikati mwaka, pembeni miezi, na mshale. Katikati palisomeka 2007. Plastiki hiyo imeiva jua la miaka yote hiyo, na watengenezaji wengi huweka ukomo kati ya miaka 6 na 10. Vya Marekani mara nyingi huwa na tarehe ya mwisho imepigwa wazi kabisa.

Nikafunua kitambaa upande wa kichwa. Lile povu gumu jeupe lilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi. Na mkanda mmoja wa begani ulikuwa umeshonwa upya, uzi wa nailoni mweusi, mshono mzuri wa fundi viatu. Nikimuuliza kijana, ananiambia, "Si umeshikilia lakini?" Ule ufa ulinitosha kujua kiti kiliwahi kupokea kishindo, na kiti kilichopata ajali hakirudiwi. Ongeza na hili: vya R44 maduka ya Umoja wa Ulaya yaliacha kuviuza vipya kuanzia Septemba 2024, kwa hiyo usishangae ukiviona kwa wingi kwenye marobota. Si vibaya kwa sababu hiyo peke yake. Pindua tu, soma tarehe, funua kitambaa.

Kurudi kwa hiki changu, kuna vitu vimenikera na nisingependa uvikute ukiwa umeshalipa. Kwanza nafasi. Kikiangalia nyuma kinakula siti ya mbele. Abiria wa mbele katika 110 anakaa magoti yakigusa dashibodi. Mimi nina urefu wa wastani na siwezi kukaa hapo zaidi ya kutoka nyumbani hadi sokoni. Pili joto. Kitambaa ni kizito, cha watu wa baridi, na Dar ya Februari mtoto anatoka mgongo umelowa. Gari likiegeshwa juani, vile vyuma vya kifungio vinaunguza ngozi, si utani. Tunafunika kiti chote kwa khanga tukishuka, na kabla ya kumfunga nagusa chuma kwa mkono wangu. Khanga hiyohiyo haiwekwi chini ya mgongo wake wala chini ya mikanda, inakuwa juu tu baada ya kufungwa.

Tatu, na hapa nyota moja nzima imepotea: kufua. Kwenye kona za Kitonga mtoto alirudisha uji wote, na uji ukishaingia kwenye mishono hautoki kwa kitambaa cha kupangusia. Kuvua gamba la kiti ni lazima uchomoe mikanda yote ya mtoto kwa nyuma, na kuirudisha kuna kitanzi cha chuma ambacho lazima kila mkanda uingie kwa upande wake, bila kujisokota. Mchana mzima uliisha. Mikanda yenyewe usiitie Jiki, inadhoofisha nyuzi. Maji na sabuni laini ya kawaida. Kampuni ilishindwa nini kuweka vifungo viwili vya pembeni? Piga picha ya nyuma ya kiti kabla hujachomoa chochote, picha ndiyo iliyoniokoa.

Teksi za kuita kwa simu, kinawezekana lakini ni kazi. Kina uzito, na dereva anahesabu dakika zake wakati wewe umepiga goti kwenye siti yake. Kama maisha yako ni ya teksi zaidi kuliko gari binafsi, na mtoto hajavuka kilo 13, nunua kile cha kapu chenye mpini, unakifunga kwa mkanda upesi na unatoka nacho mtoto akiwa amelala. Bajaji haina mkanda wa kukibana, kwa hiyo usijisumbue kukibeba.

Nikitoa alama nakipa nne kati ya tano. Mtoto sasa ana kilo 14, bado anaangalia nyuma, na mikanda ya mabegani ina tundu moja zaidi juu. Trafiki wa njia ya Chalinze hajawahi kuniuliza habari zake, ila mmoja aliinama dirishani, akakitazama, akaniuliza kinauzwa wapi. Akifika kilo 18 nitamgeuza mbele, kisha baadaye atahamia mkanda wa gari wenyewe juu ya kiti hichohicho. Kufikia hapo labda 110 itakuwa imepata mnunuzi, na nitaingiza vidole kwenye siti ya gari jingine.