Sanduku la kuzalia sungura lenye sakafu ya kuchomoa: uzoefu wangu

Hili ni sanduku la mbao za msindano lililotengenezwa na seremala wa hapa Njombe, kwa vipimo vinavyofaa majike wa aina ya New Zealand White na California wenye kilo 4 hadi 5: urefu sentimita 45, upana 30, kimo 30. Kinacholitofautisha na mengine ni sakafu. Haikupigiliwa misumari, ni fremu yenye wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, inayoshikwa na ndoano mbili kila upande. Ukifungua ndoano, sakafu inabaki chini na sanduku unalinyanyua. Fremu yenyewe imeinuliwa kwa vipande vya mbao vya sentimita 3 ili hewa ipite. Bei yake ni kama mara mbili ya sanduku la kawaida, na kwangu inalipa, ingawa lina kasoro ambazo ni lazima zirekebishwe kabla jike hajaingia.

Sababu ya kulisifu ni moja: kiota huchafukia chini. Watoto wa sungura hukojoa karibu kwa pamoja mara mama anapomaliza kunyonyesha, kisha huchimba kurudi chini ya manyoya ambayo mama hujinyofoa kuwafunika. Mkojo unapenya matandiko na kushuka. Ukikuta ubao mzima, unatuama hapo, unaoza, na ile harufu kali inayochoma pua inawapata watoto kwanza kwa sababu wamelala juu yake. Juu utaona manyoya meupe, makavu, ukaamini kiota ni safi. Ingiza vidole mpaka chini ndipo ujue ukweli.

Ninavyolitandika ni hivi. Kwanza kipande cha kadibodi kilichokatwa sawasawa na sakafu, kisicho na utepe wa gundi wala pini. Nakitoboa matundu madogo kwa msumari, kila baada ya sentimita 5 hivi. Usikiruke: kiguu cha mtoto wa siku moja kinaweza kuzama kwenye wavu wa nusu inchi. Juu ya kadibodi nalaza maranda makavu, unene wa sentimita 5, kisha nyasi kavu laini mpaka sanduku lijae karibu nusu, na kwa ngumi nachimba shimo upande wa nyuma, mbali na mlango. Jike atapanga upya anavyotaka, lakini mara nyingi shimo hilo huliacha palepale.

Maranda huku hayana shida, viwanda vya mbao vipo kila upande. Shida ni kuchagua. Chukua yale ya randa, mapana na yaliyojikunja, uyaanike juani mpaka yaache kunuka utomvu. Vumbi la msumeno liache kabisa: linaingia puani na machoni mwa watoto, na likilowa linagandamana kama uji. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa pia hapana. Pamba na matambara yanaonekana ni mazuri kwa sababu ya joto, ila nyuzi zake hujizungusha kwenye mguu au shingo ya mtoto na kukaza anavyokua.

Sanduku hili, kama mengine yote, litachafuka ukiliweka mapema. Mimba ni siku 31 hivi. Mimi naliingiza siku ya 28 tangu jike apandishwe. Ukiliweka siku ya 22 atalifanya choo au kitanda, na atazalia humo humo kwenye mavi. Angalia pia kona anayojisaidia, maana sungura wengi huchagua kona moja na kuishikilia. Sanduku likae kona ya mkabala. Jike akikojoa ndani kabla ya kuzaa, badilisha matandiko yote siku hiyo hiyo, na yale machafu yapeleke kwenye kona yake ya choo ili harufu imwelekeze huko. Ukubwa nao una kazi yake: sanduku pana kupita kiasi linamkaribisha jike kulala ndani mchana kutwa, na akilala atajisaidia.

Siku ya kuzaa, jike akishatoka na kutulia, mpe majani anayoyapenda upande wa pili wa banda, nawa mikono kwa sabuni isiyo na manukato, kisha isugue kwenye nyasi za banda lake. Fungua manyoya polepole. Toa aliyekufa, mabaki ya kondo la nyuma, na nyasi zilizoshikana kwa damu, ambazo huvuta inzi na siafu kabla ya jioni. Manyoya safi usiyaguse zaidi ya hapo. Kama jike amenyofoa mengi kupita mahitaji, weka sehemu kwenye mfuko wa karatasi, mahali pakavu. Kuna jike mwingine atakayezaa bila kunyofoa ya kutosha.

Usafi wa katikati ndio unaolipia bei ya sanduku hili. Mimi nabadilisha chini siku ya 5, ya 9 na ya 13 baada ya kuzaa. Watoto wakiwa 9 au 10 naongeza mara moja. Muda mzuri ni kama saa nne asubuhi, baridi imeshapungua. Jike hunyonyesha kwa dakika chache, kwa kawaida mara moja tu kwa siku, usiku au alfajiri, kwa hiyo saa hiyo watoto wameshiba na mama hana haja nao. Sakafu ya pili iwe imeshatandikwa tayari pembeni. Nachukua manyoya ya juu na kuyaweka kwenye beseni, watoto nawalaza juu yake na kuwafunika. Kisha nafungua ndoano, nanyanyua sanduku, na ile sakafu chafu naiondoa na kila kilichomo. Sanduku linakaa juu ya sakafu mpya, ndoano zinafungwa, watoto wanarudi kwenye shimo na manyoya yao. Ni dakika 5 tu. Ukiwa na sanduku la ubao mzima utachokonoa matandiko kwa mkono, uchafu utaubakiza kwenye kona, na watoto watapoa wakikusubiri.

Manyoya yaliyolowa tupa, makavu yote yarudi, kwa kuwa yana harufu ya mama na joto ambalo nyasi haziwezi kulitoa. Hapo hapo kagua matumbo: aliyeshiba ana tumbo la mviringo na ngozi iliyonyooka, mwenye njaa ana mikunjo na anarukaruka ukimgusa.

Kiota kichafu mara nyingi kinajionyesha machoni mwa watoto. Macho hufunguka siku ya 10 hadi 12. Likibaki limefungwa baada ya hapo, au likatoa usaha, loweka pamba kwenye maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kutiwa chumvi, kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa nusu lita, ufute mpaka gome lilainike na lifunguke lenyewe. Usilazimishe. Halafu badilisha matandiko siku hiyo, la sivyo kesho litaganda tena. Usaha ukiendelea, muone mtaalamu wa mifugo mapema, maana jicho hupofuka.

Sasa kasoro. Ya kwanza na mbaya zaidi ni ncha za waya. Wavu ulikatwa na kuachwa ncha zikitazama juu pembeni mwa fremu. Jike akiinama kunyonyesha, chuchu zinakwaruzika, na mkwaruzo juu ya matandiko machafu ni njia ya moja kwa moja ya ugonjwa wa kiwele: titi linavimba, linakuwa la moto na gumu, jike anakataa kunyonyesha. Pinda ncha zote kuelekea chini kwa koleo, kisha pitisha kitambaa juu yake. Kikinasa popote, kazi haijaisha.

Ya pili ni kizingiti cha mlango, sentimita 11 tu. Jike akiruka nje ghafla hutoka na mtoto aning'iniaye kwenye chuchu, na mtoto aliyeanguka nje usiku wa Juni huku Njombe hafiki asubuhi. Ongeza ubao mpaka sentimita 15 na ukingo wake uupige msasa. Ya tatu ni kifuniko kilichoziba kabisa. Asubuhi kinakuwa na umande ndani na unadondokea kiota. Matundu manne ya sentimita 2 juu ya ukuta wa nyuma yanamaliza tatizo. Ya nne si ya seremala, ni ya wavu wenyewe: baridi inapanda kutoka chini. Kuanzia Juni hadi Agosti weka kadibodi mbili, na tundika gunia kuzunguka sehemu ya chini ya banda bila kuziba kabisa.

Kuosha baada ya kila uzao, fuata mpangilio huu, kwa kuwa ukiugeuza unapoteza dawa. Kwangua kwanza, maana dawa ya klorini haina nguvu penye kinyesi. Mkojo wa sungura una chokaa nyingi na huacha gamba jeupe kwenye waya. Pakaa siki, subiri nusu saa, sugua kwa brashi ya waya, kisha osha kwa sabuni na usuuze sana. Ndipo upake Jik, sehemu 1 kwa 9 za maji, dakika 15, usuuze tena. Siki na Jik zisikutane kamwe, wala Jik isimwagwe juu ya mkojo, kwani zote hutoa hewa ya sumu. Jik pia haiui vimelea vya koksidia, viletavyo kuhara. Hao mwagie maji yanayochemka kila kona ya mbao na waya, halafu anika sanduku juani mpaka likauke kabisa, pande zote.

Karai la plastiki ni rahisi kuosha kuliko sanduku hili, hilo nakubali, ila unyevu hauna pa kutokea na jike mzito hulipindua. Mwenye jike mmoja au wawili anaweza kutoboa ubao wa sanduku la kawaida matundu ya milimita 6 na akaridhika. Kwa mwenye majike kuanzia watano, agiza hili, na umwambie seremala akutengenezee sakafu mbili kwa kila sanduku tangu mwanzo. Ukienda baadaye kutaka sakafu ya pili, vipimo vya fremu vinapishana kidogo na ndoano hazifiki.