Uzoefu wangu na kozi ya utangulizi wa sanaa za maonyesho: historia imekaa vizuri, taa zimecheleweshwa

Ninayoizungumzia hapa ni kozi ya muhula mmoja kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wengi wao si wa fani: walimu watarajiwa, wa lugha, wa mawasiliano ya umma. Nimeifuatilia katika chuo kimoja cha Dar es Salaam kuanzia mihadhara hadi karakana na onyesho la kufungia muhula. Kwa anayejiuliza kama ajiandikishe, au mwalimu anayetaka kuiga mpangilio wake: inafaa, ila usiichukue ilivyo.

Nguvu yake iko kwenye historia, kwa sababu haimiminwi kama orodha ya majina na miaka. Kila zama inaulizwa mambo yale yale: hadhira ilikaa wapi, iliona kwa mwanga gani, mwigizaji alisikikaje? Kwa Wagiriki, wanafunzi wanapewa tamthilia moja ya Sophocles na kuambiwa wawagawie waigizaji watatu wahusika wote, maana Aristotle anasema Sophocles ndiye aliyeongeza mwigizaji wa tatu. Zoezi linachukua kama saa moja na linafundisha kuliko muhadhara mzima. Wanagundua wenyewe kwamba mhusika akitoka lazima mwigizaji wake apate muda wa kubadili kinyago na vazi, na kwamba nyimbo za korasi, yaani kundi la waimbaji, ndizo zinazompa muda huo. Kundi linalokosea mgawanyo hujikuta na mwigizaji mmoja anayetakiwa kuzungumza na nafsi yake jukwaani.

Globe ya London, ukumbi wa maigizo, nayo inaelezwa kama jengo kwanza. Ilijengwa mwaka 1599, maonyesho yalifanyika mchana, jukwaa limechomoza katikati ya watu waliosimama. Mwaka 1613 mzinga uliofyatuliwa wakati wa onyesho uliwasha paa la nyasi na jengo likateketea; liliposimamishwa tena mwaka uliofuata liliezekwa vigae. Kutoka hapo somo linarukia mwanga: gesi katika ukumbi wa Drury Lane mwaka 1817, umeme katika Savoy mwaka 1881. Kisha linakuja somo la usalama kupitia moto wa ukumbi wa Iroquois, Chicago, Desemba 1903, uliowaua watu zaidi ya 600. Cheche za taa zilishika pazia, pazia la kuzuia moto likakwama njiani, na milango mingi ilikuwa imefungwa. Baada ya kipindi hicho wanafunzi wanatumwa kukagua ukumbi wao wenyewe: mlango upi una kufuli, upi unafunguka kwa ndani, kizima moto kiko wapi. Hili mwalimu yeyote aliige bila kubadilisha kitu.

Pabovu pa historia ni kwetu. Afrika Mashariki imepewa muhadhara mmoja, tena wa mwishoni, ambamo tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), kazi za Penina Muhando na chuo cha sanaa cha Bagamoyo vinapitiwa mbio mbio. Kamiriithu ya Kenya imepata dakika chache, wakati hakuna mfano unaolijibu swali la kozi hii vizuri zaidi: wanakijiji wa Limuru walijenga ukumbi wao wa wazi, mwaka 1977 wakaigiza kwa Kigikuyu, serikali ikaondoa kibali, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Hadhira ilikaa wapi, na nani aliogopa ikae pale? Swali limekuja lenyewe mlangoni na mwalimu hakulifungulia.

Karakana inaanza na modeli ya jukwaa kwa kipimo cha 1:25. Sentimita moja ya modeli ni sentimita 25 za kweli, hivyo jukwaa la upana wa mita 10 linakuwa sm 40 na mtu wa mita 1.75 anakuwa sm 7. Usiruhusu modeli bila kimtu cha sm 7 ndani yake. Ndicho kinachofichua milango ya kupitisha lori na meza za kufika kidevuni. Kosa linalojirudia ni kusahau viti vya pembeni. Chora mstari kutoka kiti cha mwisho cha kila upande, upite kwenye ukingo wa pazia hadi nyuma ya jukwaa. Kilichobaki nje ya mstari, aliyekaa kiti hicho hatakiona. Makundi mengi huweka mlango muhimu kabisa huko.

Kisha vinaundwa viambaza vya mandhari vya mita 2.4 kwa 1.2, kwa mbao za inchi 2 kwa 1 na kitambaa cha marekani. Vipande ni hivi: viwili vya mita 1.2 kwa juu na chini, viwili vya mita 2.3 kwa pembeni, kimoja cha mita 1.1 cha kukaza katikati. Jumla ni mita 8.1, bila kuhesabu vipande vya kukatia pembe. Ubao wa chini lazima uende upana wote, ili kiambaza kinapoburutwa sakafuni miguu ya mbao za pembeni isipasuke. Kwenye kona funga pembetatu za plaiwudi ya milimita 6, nyuzi zake zikikatiza kiungo, na uzirudishe ndani kama sm 2.5 kutoka ukingoni, la sivyo viambaza viwili havitakutana kona bila mwanya. Tumia skrubu, misumari hulegea baada ya kubebwa mara chache.

Marekani, yaani hicho kitambaa, ndiyo iliyowatesa. Wanafunzi waliivuta hadi ikalia kama ngoma, wakapaka rangi ya maji, na kesho yake fremu zilikuwa zimejipinda, kwa kuwa kitambaa kisichofuliwa husinyaa kikilowa. Kiwambe kikiwa kimelegea kidogo, anza kubana katikati ya kila upande ukielekea kwenye kona, halafu iachie rangi ya kwanza ikikaze yenyewe. Kwa nyuma tegemeza kwa fremu ya pembetatu, juu yake mfuko wa mchanga wa kilo 15 au zaidi.

Sasa taa, na hapa ndipo ninapopunguza maksi. Zimewekwa wiki ya 12 kati ya 14, mandhari yakiwa yameshasimama, kumbe mahali pa taa ndipo panapoamua mandhari yakae wapi. Darasani wanafundishwa utaratibu aliouchapisha Stanley McCandless, mtaalamu wa taa za jukwaa wa Marekani, mwaka 1932: jukwaa ligawanywe maeneo, kila eneo lipate taa mbili kutoka mbele, moja kila upande, za nyuzi 45, moja ya rangi ya joto na nyingine ya baridi. Hesabu yake ni rahisi. Taa ikiwa mita 5 juu na uso wa mwigizaji mita 1.6, tofauti ni mita 3.4, basi taa ikae mita 2.4 mbele yake na mita 2.4 pembeni. Lakini ukumbi wa chuo una dari la mita 3 hivi. Ukifuata nyuzi 45 pale, taa inakuwa karibu mno na inamulika duara dogo. Ukiisogeza nyuma, mwanga unalala na vivuli vya waigizaji vinapanda ukutani. Dawa ni kuwaweka waigizaji mita 2 mbele ya viambaza na kuongeza taa za ubavuni. Viambaza vikishasimama, mita hizo mbili huzipati tena.

Upande wa umeme maelekezo yalikuwa mafupi kuliko hatari yenyewe. Taa ya wati 1000 kwenye volti 230 inavuta ampea 4.3. Soketi ya ampea 13 ibebe mbili, ya tatu tayari imezidi kidogo. Waya wa ekstensheni uliozungushwa kwenye gurudumu ufunguliwe wote, maana ukibaki umejikunja unapata moto hadi plastiki inayeyuka. Kwa taa za LED tatizo ni anwani, yaani namba ambayo chaneli za kila taa zinaanzia kwenye meza ya taa: taa ya chaneli 7 iliyoanzia namba 1 inaishia 7, inayofuata ianze 8. Ukiipa 5 zitagongana, na fundi atakesha akilaumu meza ya taa isiyo na kosa. Taa zikipepesa ovyo na anwani ziko sawa, angalia kama taa ya mwisho kwenye mnyororo imefungwa plagi ya ohmu 120 ya kumalizia waya wa mawasiliano.

Kazi ya meneja jukwaa imefundishwa kwa umakini nisiouona sana. Kitabu chake kina mswada upande mmoja na ukurasa mtupu upande wa pili, na kila kitu kinaandikwa kwa penseli. Amri ni mbili: «Tayari, taa 14», yaani jiandae kwa badiliko la taa namba 14, kisha neno la kutenda. Walichagua «haya», uchaguzi mbaya, kwa sababu kila Mswahili hulisema bila kukusudia. Fundi alizima taa katikati ya onyesho aliposikia «haya, sawa» kwenye spika ya masikioni. Chukueni neno lisilotoka mdomoni bila kukusudia, mfano «washa» kwa taa na «piga» kwa sauti.

Mtihani wa mwisho una alama 60 na ni wa historia tupu. Karakana, onyesho na kitabu cha meneja jukwaa vinagawana 40. Matokeo yake, wiki mbili za mwisho wenye bidii wanajifungia na noti huku wachache wakibaki na nyundo. Kabla ya kujiandikisha, ulizia mgawanyo wa alama na wiki ambayo taa zinaanza. Zikiwa baada ya wiki ya sita, mwombe fundi wa ukumbi akuonyeshe mapema mahali zinapoweza kuning'inizwa, upime urefu, ndipo uchore modeli yako.