Gereji ya Vokswageni za zamani, Ilala: nyota nne, na sababu ya ile moja niliyoinyima

Ukitaka gereji yenye kibao, risiti ya EFD na kiti cha kusubiria, usije huku. Hii iko Ilala, nyuma ya maduka ya spea, na utaijua kwa Kombi isiyo na injini ambayo mzee, fundi mwenyewe, ameigeuza stoo. Ukitaka Vokswageni Beetle isiyokuua, njoo, ila njoo na subira.

Langu ni Beetle ya 1966, injini ya 1300. Nililinunua Tanga kwa mwalimu mstaafu aliyelifunika turubai uani. Bodi ilikuwa na kutu ya kawaida ya pwani, sakafu ya upande wa abiria unaona lami, lakini injini iliwaka siku hiyohiyo. Nikaja Ilala na karatasi yangu: kushusha gari, rimu pana nyuma, rangi ya krimu juu na kijani chini, redio ya kufichwa. Mzee akaisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Rimu unazo, bwana mdogo. Breki huna."

Halafu akafungua boneti ya nyuma akaniita nisogee. Kama unamiliki Beetle na hujawahi kuonyeshwa nilichoonyeshwa mimi, soma hapa taratibu. Petroli inatoka kwenye pampu kwenda kabureta kwa mpira, na distributa inayorusha cheche iko palepale jirani. Mpira wangu ulikuwa wa zamani, uliosukwa uzi kwa nje. Akaukunja kwa vidole viwili. Uzi ukabaki mzima kabisa, ila petroli ikaanza kuchuruzika katikati ya ule uzi. Kisha akashika kibomba cha shaba kinachoingiza mafuta kwenye kabureta, akakizungusha. Kikazunguka. Akakivuta, kikabaki mkononi mwake. Kile kibomba hakina nyuzi, kimegongewa tu, na kikichomoka ukiwa unatembea, pampu haijui. Inaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Fundi wa zamani alikuwa amening'iniza chujio la plastiki katikati ya huo mpira, kwa hiyo uzito wake wote ulikuwa unavuta kibomba. Ndivyo Beetle zinavyoungua: moto unaanzia nyuma, dereva anatazama mbele.

Alifunga mipira mipya na klipu, akakaza kibomba, na chujio akalihamishia chini karibu na giaboksi. Kazi ya asubuhi moja. Pesa aliyochukua ilikuwa ndogo kuliko bei ya ile redio.

Akainua kiti cha nyuma. Betri ya Beetle inakaa chini yake, na springi za kiti ni chuma kitupu juu ya vichwa vya betri. Pandisha watu wawili wenye miili yao, kiti kikibonyea, umepiga shoti, na ndani ya kiti kuna nyuzi kavu zinazoshika moto haraka. Akakata kipande cha mkeka wa mpira, akafunika betri, akaufunga mkanda. Hiki hakunitoza.

Breki ndizo zilizokula hela. Gari za mwaka huo zina mfumo wa njia moja: mpira mmoja ukipasuka, gurudumu lolote, pedali inazama mpaka chini na unabaki na hendibreki. Mzee akaweka masta silinda (ile inayosukuma mafuta ya breki) ya njia mbili, ya matoleo ya baadaye, na diski mbele. Spea zilitoka Afrika Kusini, na si ajabu, kwa sababu Beetle zilitengenezwa Uitenhage mpaka 1979, tena za usukani wa kulia. Nilisimama pale wakati anarekebisha fimbo ya pedali. Anaacha mchezo wa kama milimita moja kati ya fimbo na masta silinda, anaupima kwa kidole, anaukaza, anaurudia. Pasipo huo mchezo breki zinabaki zimeng'ang'ania na zinachemka. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki alimwachia kijana wake, lakini akarudi kukanyaga mwenyewe kabla ya kufunga matairi.

Sasa suala la kushusha, maana najua ndilo mnalolisubiri. Ekseli za nyuma za Beetle hizi zina kiungo kimoja tu, kule kwenye giaboksi. Ukiingia kona kwa kasi na ukashtuka ukaachia mafuta, nyuma inanyanyuka na tairi la nje linajikunja kuingia chini ya gari. Hapo usukani haukusaidii. Chevrolet Corvair ya Marekani iliingia matatani miaka ya 60 kwa jambo hilohilo. Maana yake, kunyanyua nyuma ya Beetle ili ionekane ya rali ni kujitafutia ajali, na kuishusha kidogo kunasaidia. Mzee alikubali kushusha kidogo. Torsheni baa, chuma cha kujipinda kinachofanya kazi ya springi, ina meno 40 ndani na 44 nje, kwa hiyo ukizungusha jino moja huku na moja kule, unapata badiliko la chini ya digrii moja. Alicheza na hayo meno mpaka pande zote mbili zikalingana, akafunga na chuma cha kuzuia matairi yasijikunje. Bimu ya mbele, inayobeba magurudumu, alikataa kuikata ili ishuke. Nilimwambia mafundi wengine wanakata. Akanijibu, "Wapelekee."

Rimu zangu pia zilikwama. Beetle ya 1966 ina boliti tano kwenye duara la milimita 205, rimu ya Toyota haikai hata kwa dawa. Muuzaji wa Kariakoo alikuwa ameniuzia na adapta za kuzilazimisha zikae. Mzee alizigonga zile adapta kwa spana, akazitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Hilo liliniuma, na bado linaniuma, maana hakuniuliza.

Nililitoa Mombo kupanda Lushoto, mvua ikiwa imeanza kunyesha. Kupanda ni gia ya pili na wimbo wa feni. Ni kushuka ndiko kulikonifanya niandike haya. Pedali ilibaki juu kona baada ya kona, na nyuma ilitulia hata niliposhtuliwa na Fuso lililokuwa limechukua upande wangu. Upepo naweka 20 mbele na 28 nyuma, kwa kuwa injini iko nyuma. Kila kituo kijana wa upepo anataka kunijazia 35 pande zote. Simama umwangalie.

Tusidanganyane lakini, gari hili bado si salama kama Vitz ya jirani yako. Staringi ni fimbo moja ngumu kutoka mbele mpaka kifuani. Zile zinazojikunja zilikuja na matoleo ya 1968. Tangi la petroli liko mbele ya magoti yako. Mzee alifunga mikanda ya pointi tatu, akachomelea bati nene nyuma ya nguzo ndipo akapitisha boliti, badala ya kutoboa bati tupu kama nilivyoona kwingine. Inasaidia. Tangi liko palepale.

Nyota niliyoinyima ni ya muda na ya umeme. "Njoo Ijumaa" ya mzee haitaji ni Ijumaa ipi. Umeme hafanyi yeye, anamwita jamaa wa jirani aliyelihamisha gari kutoka volti 6 kwenda 12. Taa zilizokuwa koroboi sasa zinaona, lakini mota ya waipa ilibaki ile ya volti 6 na ilikuwa inapiga kwa hasira mpaka niliporudisha gari wakaitafutia rezista ya kupunguza umeme. Mota ya waipa si kitu cha kugundua ukiwa Lushoto kwenye mvua. Risiti utaandikiwa kwenye karatasi ya daftari, na ukitaka kujua spea ipi ni mpya na ipi imetoka kwenye gari bovu, uliza kabla, atakwambia ukweli.

Rangi hapigi. Nimelipeleka kwingine, krimu na kijani, na huko nina manung'uniko yangu tofauti.

Kwa anayetaka kwenda: fika kabla ya saa tatu asubuhi, baada ya hapo uchochoro umejaa malori ya kushusha mizigo. Jumapili hafungui. Spea kubwa analipwa kwanza, ufundi mwishoni. Kama unaleta Kombi yenye keria, ifungue ukiwa nyumbani, banda lake ni fupi.